Bwawa la kuogelea la nyumbani: kusoma dalili za maji na kufikia chanzo chake

Maji ya bwawa yakibadilika rangi, mkono wa mwenye nyumba hukimbilia ndoo ya klorini kabla jicho halijapita kwenye pampu. Nimehudumia mabwawa ya nyumbani katika ukanda wa pwani ya Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kuona kwamba haraka hiyo ndiyo inayomaliza fedha za watu: dawa humwagwa ndani ya maji yasiyotembea, haifiki kwenye kona wala chini, na baada ya siku tatu ukijani unarudi pale pale. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja, nao ni kuuliza kwanza kama maji yanatembea, kisha kama yanachujika, na mwisho kabisa kama dawa iliyomo inatosha na inafanya kazi.

Ili hesabu zieleweke, tuchukue bwawa la zege lenye vigae, urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5. Bwawa hilo lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Pampu yake inasukuma mita za ujazo 8 kwa saa, na chujio lake ni la mchanga. Mwenye bwawa la kipimo kingine azidishe au apunguze kwa uwiano huo huo, lakini asikisie ujazo wa bwawa lake, kwa sababu kila kipimo cha dawa kinategemea namba hiyo.

Njia ya maji

Maji hutoka bwawani kupitia milango miwili. Wa kwanza ni skima, ule mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu pamoja na majani, vumbi na mafuta ya kujipaka yanayoelea. Wa pili ni tundu la chini, lililo mahali penye kina kirefu zaidi. Mabomba ya milango hiyo huungana kabla ya pampu, na kila moja lina koki yake. Pampu ina kikapu chini ya kifuniko cha kuonea ndani, na kikapu hicho huzuia mbegu na majani yasifike kwenye impela, gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji. Kutoka hapo maji husukumwa hadi kwenye vali ya njia sita iliyo juu ya chujio au ubavuni mwake, ambayo mpini wake huchagua maji yapite njia gani, hushuka katikati ya mchanga, huingia kwenye vidole vya plastiki vilivyolala chini ya mchanga huo, kisha hurudi bwawani kupitia jeti za ukutani.

Sehemu iliyo kabla ya pampu hunyonya na sehemu iliyo baada yake husukuma, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa utatuzi. Ufa ulio upande wa kunyonya huingiza hewa pampu inapofanya kazi, ilhali ufa ulio upande wa kusukuma hutoa maji. Anayeishika tofauti hiyo ameshapunguza nusu ya mahali pa kutafuta.

Jambo jingine la kuelewa ni kwamba pampu yetu inasukuma mita za ujazo 48 kwa saa 6, lakini hiyo haina maana kwamba maji yote yamepita kwenye chujio katika saa hizo. Maji yaliyochujwa hurudi na kuchanganyika na ambayo hayajachujwa, kwa hiyo mzunguko mmoja hupitisha takribani asilimia 63 ya maji yote, mizunguko miwili asilimia 86, na mitatu asilimia 95. Katika joto letu, ambapo maji ya bwawa hufika nyuzi 30 bila shida, kuendesha pampu saa 3 au 4 kwa siku ili kubana umeme huishia kuwa gharama kubwa ya dawa. Saa 8 hadi 12 ndizo zinazofaa, na sehemu yake kubwa iwe mchana, jua linapokula klorini na mwani unapokua.

Jeti zinatoa maji kwa unyonge

Anza na geji ya presha iliyo juu ya chujio. Zima pampu kwanza uone kama mshale unarudi kwenye sifuri. Usiporudi, geji imekufa na haifai kuaminiwa hadi ibadilishwe. Kisha washa pampu usome. Kila bwawa lina presha yake ya kawaida, ile inayoonekana mara tu baada ya chujio kuoshwa, na ninawashauri wenye mabwawa waiandike kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye mwili wa chujio. Bila namba hiyo, geji haisemi kitu.

Ikiwa mtiririko ni dhaifu na presha imepanda kwa psi (kipimo cha presha) 8 hadi 10 juu ya ile ya kawaida, kizuizi kiko baada ya pampu, na mara nyingi ni uchafu ulionaswa kwenye mchanga. Chujio lioshwe kwa kugeuza mwendo wa maji, kazi ambayo mafundi wanaiita bekwashi. Zima pampu, peleka mpini wa vali kwenye sehemu ya kuosha, washa, na utazame kioo kidogo kilicho pembeni ya vali. Mwanzoni maji hupita rangi ya udongo, hufifia, kisha huweza kuchafuka tena kwa ghafla wakati tabaka la mchanga linapopinduka. Usizime kabla ya hapo. Kwa kawaida dakika 2 hadi 3 zinatosha, na pampu yetu itakuwa imetoa lita 400 katika dakika 3. Zima tena, peleka mpini kwenye kusuuza kwa nusu dakika hadi dakika moja, zima, rudisha kwenye kuchuja, ndipo uwashe. Mpini usigeuzwe hata mara moja pampu ikiwa inazunguka, kwa sababu gasketi yenye miguu kama ya buibui iliyo ndani ya vali hung'oka, na ubovu huo utaugundua baadaye kwa njia nyingine, kama nitakavyoeleza kwenye sehemu ya maji yanayopungua.

Presha ikishuka haraka baada ya bekwashi na kupanda tena ndani ya siku mbili, mchanga umeshikana. Mafuta ya ngozi na chokaa ya maji ya kisima huufanya kuwa mabonge, na maji hutafuta njia ya mkato katikati ya mabonge hayo. Mchanga wa chujio hudumu miaka 5 hadi 7 hivi, nao ni mchanga maalumu wa punje za milimita 0.4 hadi 0.8. Mchanga wa ujenzi hauwezi kuchukua nafasi yake, hata ukichekechwa vizuri kiasi gani.

Ikiwa mtiririko ni dhaifu na presha nayo iko chini ya kawaida, tatizo liko kabla ya pampu au ndani yake. Hapa mpangilio wa kukagua ni mfupi: kina cha maji kifike katikati ya mdomo wa skima, kikapu cha skima kitolewe uchafu, kikapu cha pampu kitolewe uchafu, na koki zote ziwe wazi. Yote yakiwa sawa, shuku impela. Kwenye nyumba moja yenye mwarobaini mkubwa uliolala juu ya bwawa, tulibadilisha mchanga, tukabadilisha geji, na maji yakabaki manyonge vile vile. Hatimaye nilizima umeme kwenye breka, nikatoa kikapu, nikaingiza kidole kwenye tundu lililo nyuma yake na kukuta vikonyo vya mwarobaini vimesokotana na unywele mrefu, vimejaza mifereji yote ya impela. Kikapu kilikuwa na ufa usiozidi upana wa kidole kidogo, na kila kitu kilikuwa kimepita hapo. Tangu siku ile kikapu nakiinua kwenye mwanga kabla ya kukirudisha.

Viputo vya hewa, au pampu isiyoshika maji

Viputo vikitoka kwenye jeti mfululizo, au ukiona maji yanachezacheza chini ya kifuniko cha pampu badala ya kujaa kabisa, upande wa kunyonya unaingiza hewa. Chanzo cha kawaida ni oringi, ule mpira wa duara wa kuziba kifuniko, iliyokauka au iliyokaliwa na punje ya mchanga. Isafishe, ipake grisi ya silikoni na uirudishe. Mafuta ya mgando ya kujipaka yasitumike, kwa kuwa hulainisha na kuvimbisha baadhi ya mipira.

Oringi ikiwa nzima, mwagia maji kwa mpira wa bustani kwenye kiungo kimoja baada ya kingine, ukianzia kwenye pampu kurudi nyuma hadi kwenye koki, huku mtu mwingine akitazama kifuniko. Kiungo ambacho viputo hupungua kinapomwagiwa ndicho kinachovuta hewa, kwa sababu kwa muda huo kinavuta maji badala yake.

Pampu iliyowekwa juu ya usawa wa maji ina hatari moja ya ziada. Umeme ukikatika, maji yaliyomo kwenye bomba huweza kushuka na kurudi bwawani ikiwa vali ya kuzuia maji kurudi nyuma imechoka. Umeme ukirudi, pampu huanza kuzunguka kavu, joto hupanda, na nimekuta bomba la plastiki la kutokea pampuni limelegea na kujikunja kama mshumaa uliokaa juani. Ukikuta pampu inazunguka bila maji, zima, iache ipoe, jaza maji kwenye kikapu hadi juu, funga kifuniko, fungua koki ya skima peke yake, kisha washa. Ikishindwa kushika maji ndani ya dakika chache, zima utafute panapoingia hewa.

Taima za mshale zina tabia ya kufuatana na hiyo. Nazo husimama umeme unapokatika na huendelea pale zilipoishia. Pampu iliyopangwa kuanza saa tatu asubuhi itaanza saa nane mchana baada ya umeme kukosekana kwa saa tano, na mikato kadhaa ndani ya mwezi hutosha kuhamishia kazi yote usiku. Mwenye nyumba haoni pampu ikifanya kazi mchana, maji yanachafuka, na anaambiwa pampu imekufa. Kabla ya kununua kitu chochote, linganisha saa ya taima na saa ya mkononi.

Pampu inayonguruma bila kuzunguka huwa na impela iliyokwama au kapasita, kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, iliyokufa. Kata umeme kwenye breka na ujaribu kuzungusha shafti kwa mkono kutoka upande wa feni. Ikigoma, kuna kitu kimekwama. Ikizunguka kwa wepesi, shuku kapasita, lakini iachie fundi umeme, kwa maana kapasita huweka chaji hata waya ukiwa umechomolewa. Mlio wa kusaga ni beringi, na haufai kusubiriwa hadi maji yaingie kwenye mota. Saketi ya bwawa iwe na kinga inayokata umeme uvujao unapofika miliampia 30. Kinga hiyo ikikata mara kwa mara, inataja hatari iliyopo, na kuiruka kwa waya ni kuweka umeme majini pamoja na watoto.

Maji ya kijani

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukijani una aina mbili. Ukiwa na utelezi kwenye kuta na maji yasiyopenyeka kwa macho, huo ni mwani. Maji yakiwa maangavu kabisa, sakafu inaonekana hadi mistari ya vigae, lakini yana rangi ya kijani au ya feruzi, hiyo ni madini, mara nyingi shaba iliyotokana na dawa za kuua mwani zenye shaba zilizorundikwa kwa miezi. Kuongeza klorini kwenye maji ya namna hiyo hakuondoi rangi na huweza kuikoleza. Ukiwa na wasiwasi, chota maji kwenye ndoo nyeupe, tia klorini kidogo ya unga na usubiri: mwani hufa na kugeuka kijivu, madini hubaki na rangi au huzidi.

Kama ni mwani, na pampu na chujio vimethibitishwa kuwa vizima, pima pH kabla ya klorini, yaani kipimo cha uchachu wa maji ambacho namba yake hupanda uchachu unapopungua. Kipimo kizuri ni 7.2 hadi 7.6. Kwenye pH ya 7.5 takribani nusu ya klorini iko katika hali yenye nguvu ya kuua vijidudu, na kwenye pH ya 8 hubaki karibu robo tu. Mwenye bwawa anayemwaga klorini kwenye maji ya pH 8.2 anatupa sehemu kubwa ya fedha yake. Mabwawa mapya ya saruji hupandisha pH yenyewe kwa miezi ya mwanzo, hivyo yanahitaji kupimwa mara nyingi zaidi.

Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na uchafu, katika siku za kawaida iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Kwa bwawa letu, kupandisha miligramu 1 kwa lita kunahitaji gramu 48 za klorini halisi, na kwa kuwa unga wa haipokloraiti ya kalsiamu uuzwao kwa kawaida una asilimia 65, ni kama gramu 74 za unga. Kwa kuua mwani uliokwisha kuota, tunapandisha hadi miligramu 10 kwa lita, yaani karibu gramu 740. Kazi hiyo ifanyike jua likishatua, kwa sababu klorini isiyo na kinga hupungua kwa nusu ndani ya saa moja hivi ya jua kali. Kuta zisuguliwe kwa brashi kabla na baada, pampu iendeshwe usiku kucha, na bekwashi ifanyike asubuhi, kwa kuwa mwani uliokufa huziba chujio upesi.

Unga hutiwa kwenye ndoo yenye maji. Maji hayamwagwi juu ya unga. Tindikali na klorini zisikae rafu moja wala kupimwa kwa kikombe kimoja, maana zikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu. Vile vile klorini ya unga na vidonge vya trikloro, aina nyingine ya klorini, visichanganywe vikiwa vikavu, hata kwa mabaki yaliyo chini ya kopo, kwa kuwa huweza kuwaka moto au kulipuka. Ninalisema kwa uzito kwa sababu stoo nyingi za pampu nilizofungua zina makopo hayo yote yakiwa yamebanana, yamefunguka nusu, na hakuna dirisha.

Sasa lipo bwawa ambalo klorini yake inasoma vizuri na bado ni la kijani. Hapo uliza vidonge vimetumika kwa muda gani. Vidonge vya trikloro vina asidi ya sayanuriki, inayokinga klorini dhidi ya jua, na kwa kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita ni rafiki mkubwa katika nchi ya jua kama yetu. Lakini klorini hutumika na kuisha, ilhali asidi hiyo hubaki. Kidonge cha gramu 200 huingiza kwenye bwawa letu takribani miligramu 3.75 kwa lita za klorini na zaidi kidogo ya miligramu 2 za asidi hiyo. Vidonge vitatu kwa wiki, kwa miezi mitatu, vinaipandisha kwa karibu miligramu 88 kwa lita. Kwenye kiwango hicho klorini imefungwa mno, na kuua mwani kungehitaji dozi mara nne ya ile niliyotaja. Chujio haliiondoi wala jua haliikaushi. Dawa yake ni kubadilisha maji: ukitoa nusu na kujaza upya, miligramu 100 zinakuwa 50. Baada ya hapo rudi kwenye klorini ya unga au ya maji, na vidonge viwe vya siku za safari tu.

Kwenye kupima kuna mtego mmoja. Klorini ikiwa nyingi sana, vijaribio vya kugeuka waridi hupaushwa na kubaki vyeupe, na mpimaji hudhani hakuna klorini kabisa. Kipimo kikitoka cheupe siku moja baada ya dozi kubwa, changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu nne za maji ya chupa, pima tena, kisha zidisha kwa tano.

Maji meupe kama tui jepesi

Kabla ya sababu, kuna amri: ikiwa tundu la chini halionekani ukiwa umesimama ukingoni, hakuna mtu anayeingia. Mtoto aliyezama kwenye maji ya namna hiyo haonekani hata kutoka hatua mbili. Mlango wa bwawa ufungwe kwa kufuli hadi sakafu ionekane.

Weupe uliokuja taratibu, pamoja na presha iliyopanda au saa chache za pampu, ni suala la kuchuja, na tiba yake imeshaelezwa. Weupe uliokuja ghafla baada ya kutia klorini ya unga ni suala la chokaa. Visima vya ukanda wetu, hasa vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe, hutoa maji magumu, na haipokloraiti ya kalsiamu huongeza chokaa na kupandisha pH. Mtihani wake ni rahisi. Jaza glasi maji ya bwawa, dondoshea tindikali kidogo au siki, na ukoroge. Glasi ikiangaza, weupe ule ni chokaa iliyojitenga, na kinachotakiwa ni kushusha pH hadi 7.2 kwa tindikali iliyochanganywa kwenye ndoo ya maji na kumwagwa polepole upande wenye kina, pampu ikizunguka. Isipoangaza, ni vumbi au mwani uliokufa.

Kwa vumbi na mwani uliokufa, shabu ya mabwawa, ambayo ni salfeti ya aluminiamu, husaidia sana. Gramu 30 hadi 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani kilo 1.5 hadi 2.4 kwa bwawa letu, huyeyushwa na kusambazwa, vali ikiwa kwenye kuzungusha bila kuchuja kwa saa moja au mbili. Kisha pampu huzimwa usiku mzima. Asubuhi utakuta zulia la kijivu sakafuni, nalo livutwe kwa ufagio wa kunyonya, vali ikiwa kwenye kutoa nje, kwa mwendo wa kunyata ili lisipeperuke. Anayelivuta kupitia kwenye chujio hulirudisha bwawani au huuziba mchanga. Shabu hushusha pH, hivyo pima tena baadaye. Ualkali, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, ukiwa umeporomoka chini ya miligramu 80 kwa lita, rekebisha kwa bikaboneti ya sodiamu.

Maji yanayogeuka kama chai

Bwawa limejazwa kutoka kisimani, maji maangavu kama ya dafu. Klorini ikatiwa jioni, na asubuhi ni rangi ya chai. Hakuna aliyelichafua. Maji yalikuja na chuma kilichoyeyuka, na klorini ikakigeuza kutu. Kipimo cha ndoo nyeupe kingelionyesha hilo mapema: maji ya kisima, chembe ya klorini, nusu saa. Kwa bwawa ambalo tayari limeshageuka, njia ni ile ya shabu na kunyonya. Kwa kujaza kunakofuata, pitisha maji kwanza kwenye tangi la juu yakianguka kwa kutawanyika ili yapate hewa, yaache yatulie siku nzima, na uchote kutoka juu ya tope.

Macho kuwasha na harufu kali ya klorini

Wengi huamini kwamba harufu hiyo ni ya klorini iliyozidi, na hupunguza dawa. Mara nyingi ni kinyume. Harufu hutoka kwenye klorini iliyoungana na jasho na mkojo, ambayo haina nguvu tena ya kusafisha na ndiyo inayochoma macho. Pima klorini yote kisha utoe klorini huru. Tofauti ikizidi miligramu 0.5 kwa lita, tia klorini mara kumi ya tofauti hiyo kwa mkupuo mmoja, jioni. Kama tofauti ni ndogo na macho bado yanawasha, pH ndiyo ya kutazamwa. Kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia hupunguza tatizo hili kuliko dawa yoyote ninayoijua.

Mchanga sakafuni, mbele ya jeti

Kama ni kidogo na huonekana baada ya bekwashi tu, hatua ya kusuuza ilirukwa. Kama unaendelea kila siku, kidole kimojawapo cha chini ya chujio kimevunjika, na hakuna njia ya mkato: mchanga wote utolewe kwa kopo, kidole kibadilishwe, na wakati wa kujaza upya tangi liwe na maji hadi nusu ili mchanga usianguke juu ya plastiki tupu.

Maji yanapungua

Kwanza toa haki ya jua na upepo. Bwawa letu lenye eneo la mita za mraba 32 likipoteza milimita 5 kwa siku, ni lita 160, na kwa pwani wakati wa kaskazi hilo ni jambo la kawaida. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, ikiwa imezama sehemu, maji ya ndani na ya nje yakiwa usawa mmoja, na utie alama kwa penseli pande zote mbili. Baada ya saa 24, kama vimeshuka sawasawa, hakuna kuvuja. Nje ikishuka zaidi, rudia mara mbili, siku moja pampu ikizunguka na nyingine ikiwa imezimwa.

Upungufu ukiwa mkubwa pampu inapozunguka, tatizo liko upande wa kusukuma. Kabla ya kuvunja sakafu, nenda kwenye bomba la kutolea maji machafu ya chujio. Maji yakitiririka hapo wakati vali iko kwenye kuchuja, ni ile gasketi ya buibui niliyoitaja, na kuibadilisha ni kazi ya saa moja. Upungufu ukiwa ule ule siku zote mbili, acha maji yashuke na utazame yanaposimama. Yakisimama chini kidogo ya mdomo wa skima, ufa uko kati ya skima na zege. Yakisimama usawa wa taa, ni bomba la waya wa taa. Hapo chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze rangi ya chakula, na pampu ikiwa imezimwa uisukume polepole karibu na ufa unaoushuku. Rangi huning'inia kama moshi. Ikivutwa na kuingia ukutani kama uzi, umepapata.

Ukiwa karibu na tundu la chini, kagua kifuniko chake. Kilichopasuka au kulegea huweza kunasa nywele au mwili wa mtoto kwa nguvu ya pampu, na Marekani ilitunga sheria mwaka 2007 kuhusu vifuniko hivyo baada ya mtoto kufa kwa njia hiyo. Pampu izimwe na bwawa lifungwe hadi kifuniko kipya kifungwe kwa skrubu zake zote.

Kutoa maji yote ili kuziba ufa kuwe uamuzi wa mwisho, na kusifanyike katikati ya masika. Maji ya ardhini yakipanda, bwawa tupu huwa kama mtumbwi, na zege lake huweza kuinuliwa na kupasua mabomba yote. Kabla ya kufungua, tafuta kisima kifupi kilicho karibu na ushushe kamba yenye jiwe. Maji yakikutwa juu ya kina cha sakafu ya bwawa, ahirisha kazi hadi kiangazi na uendelee kuongeza maji.